UZI: Jeni ni nzima, aliyekosa pa kukaa ni GATA1. Vivax, selimundu na herufi zilizo mbele ya jeni

#1 MzeePipeti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa malaria kuna mdau aliandika kwamba Waafrika "tuna jeni ya kuzuia vivax", yaani aina mojawapo ya vimelea vya malaria. Watu wakagonga like, uzi ukasonga. Kauli ile ina ukweli wake, ila imeruka sehemu tamu kuliko zote. Jeni inayohusika tunayo ileile waliyo nayo Wazungu na Wahindi, nzima, haijapungua kitu. Kilichobadilika ni herufi moja iliyo nje ya sehemu inayotengeneza protini, mbele yake kidogo tu. Kwa sababu ya herufi hiyo, kuna protini iliyotakiwa kukaa pale na haikai. Basi. Historia nzima ya vivax Afrika inaanzia hapo.

Nafanya kazi maabara, si daktari. Ukiniuliza umeze nini nitakurudisha kliniki. Maswali mengine yote ruksa.

Tuanze na msingi kwa wale waliosoma Biolojia zamani. Kila seli yako yenye kiini imebeba DNA ileile: herufi bilioni 3 na ushee kwa seti moja, na ndani yake jeni za protini zipatazo 20,000. Seli ya ini inayo jeni ya himoglobini. Seli ya ubongo inayo jeni ya insulini. Hazizitumii. Kinachotofautisha ini na ubongo ni jeni zipi zinanukuliwa kuwa RNA na zipi zimeachwa kimya, na uamuzi huo kwa sehemu kubwa unafanyika kwenye promota. Promota ni kipande cha DNA pale unukuzi unapoanzia, pamoja na herufi mia kadhaa zinazotangulia. Chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kukaliwa.

Wakaaji ndio hawa tutakaowazungumzia: protini za unukuzi. Binadamu anazo takribani 1,600 za aina mbalimbali. Kila moja ina umbo linalokamata mfuatano fulani mfupi wa DNA, mara nyingi herufi 6 hadi 12. Na haifungui zile nyuzi mbili za DNA ili isome kilicho ndani. Inapapasa kingo za herufi kwa nje, kwenye mfereji mpana unaozunguka uzi, asidi amino zake zikishikana na kingo hizo kwa vifungo vya haidrojeni. Herufi ikibadilika, kingo zinabadilika, mshiko unalegea.

Nakula kwanza, naendelea.

#2 Kidagaa_wa_Ziwa

Nimekaa siti ya mbele. Ila mzee usije ukatukimbia katikati kama wale wa simulizi.

#3 Chuma_cha_Reli

Mfupisho tafadhali, wengine tuko kwenye foleni Ubungo.

#4 MzeePipeti

Chuma, mfupisho upo kwenye kichwa cha uzi. Ukitaka nyama vumilia.

Mhusika wetu mkuu ni GATA1. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, na protini yenyewe ina vidole viwili vya zinki, yaani mikunjo miwili ambayo kila mmoja umeshikiliwa na atomu moja ya zinki. Inapenda kukaa palipoandikwa GATA, ikitanguliwa na A au T, ikifuatiwa na A au G. Inafanya kazi kwenye seli zinazokuja kuwa chembe nyekundu za damu, chembe sahani na ndugu zao wachache. Bila GATA1 hakuna damu nyekundu.

Chukueni kalamu. Mfuatano huo wa herufi sita, ukiruhusu chaguo mbili mwanzoni na mbili mwishoni, kwa bahati tu unatokea mara moja kila herufi 1,024. DNA ina nyuzi mbili, kwa hiyo mara moja kila 512. Gawanya bilioni 3.1 kwa 512. Unapata sehemu milioni 6 hivi ambazo GATA1 ingeweza kukaa. Lakini ukipima kwenye seli halisi ni wapi imekaa, unakuta maelfu, chini ya asilimia 1 ya hizo.

Kwa nini? Kwanza, DNA haikai wazi. Imezungushwa kwenye protini za histoni, na sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba GATA1 hata haifikii. Pili, GATA1 peke yake ni dhaifu. Inakaa vizuri pale ambapo protini jirani zake zipo pia: TAL1 karibu, KLF1 herufi chache mbele, FOG1 imeshikwa na kidole chake cha kwanza. Mfuatano peke yake hautoshi, lazima mtaa uwe wazi na majirani wawepo.

Hii ndiyo sababu huwa nakereka mtu anaposoma kipande cha DNA kwenye kompyuta, anaona herufi zinafanana na GATA, anatangaza kagundua kitu. Kaka, ziko milioni sita.

#5 Jabari254

Boss, heshima kutoka Kisumu. Swali langu: hii GATA1 ikishakaa kwa promota, ndiyo inanukuu jeni yenyewe ama kuna mwingine anakuja?

#6 MzeePipeti

Swali zuri. GATA1 hainukuu chochote. Anayenukuu ni kimeng'enya kinaitwa polimerasi ya RNA II. Robert Roeder ndiye aliyezitenganisha polimerasi za aina hii mwaka 1969, na Roger Kornberg akapewa Nobel ya Kemia mwaka 2006 kwa kuonyesha umbo lake ikiwa kazini.

Polimerasi hii haijui jeni inaanzia wapi. Inawekwa pale na kundi la protini ambazo seli zote zinazo: TFIID, TFIIA, TFIIB, TFIIF, TFIIE, TFIIH. Ndani ya TFIID kuna kiungo kinaitwa TBP ambacho, palipo na herufi za aina ya TATA, kinakaa juu ya DNA na kuipinda kwa digrii karibu 80. Yaani uzi uliokuwa umenyooka unakunjwa pale pale. TFIIH ndiyo inayokuja kufungua nyuzi mbili kwa kuchoma ATP (nishati ya seli), kisha inaipiga muhuri wa fosfeti ile mkia ya polimerasi, ambayo kwa binadamu ni asidi amino saba zilizorudiwa mara 52. Hapo polimerasi inaondoka. Na hata ikiondoka, kwenye jeni nyingi inasimama tena baada ya herufi 20 hadi 60 ikisubiri ruhusa nyingine.

Sasa kundi hilo peke yake linafanya kazi kwa unyonge sana. GATA1 na wenzake wanalivuta lije, wanaita vimeng'enya vya kulegeza histoni, na wanaongea na polimerasi kupitia Mediator, protini kubwa yenye vipande karibu 30.

Tahadhari moja: vitabu vyetu vya shule vinachora TATA kwenye kila jeni. Jeni nyingi za binadamu hazina TATA. Zina vipande vyenye C na G nyingi, na unukuzi unaanza popote ndani ya eneo la herufi kadhaa. Jeni ya beta ya himoglobini ni kati ya zile zenye kitu kinachofanana na TATA, herufi kama 30 kabla ya mwanzo, na herufi moja ikiharibika pale kuna watu wanapata thalasemia isiyo kali. Protini yao ya beta haina kasoro hata moja. Ni kidogo tu.

#7 Chuma_cha_Reli

Nimetoka foleni. Kwa hiyo polimerasi ni dereva, promota ni kituo, GATA1 ni konda. Konda asipogonga bodi gari haliondoki. Nimepita?

#8 MzeePipeti

Umepita kwa nusu. Weka makonda watano kwenye gari moja, wawili wanagonga liondoke, mmoja kazuia mlango, na kila mmoja anakaa sekunde chache anashuka anapanda mwingine. Ukichungulia seli hai kwa darubini ya kuona molekuli mojamoja, protini nyingi za unukuzi zinashika DNA kwa sekunde chache, nyingine kumi na kitu, zinaachia. Ile picha ya protini kukaa kama imegundishwa ni ya kwenye vitabu.

#9 binti_wa_Chanika

Mzee vivax. Umeahidi vivax.

#10 MzeePipeti

Vivax, karibu.

Plasmodium vivax ili iingie kwenye chembe nyekundu inahitaji kushika protini iliyo juu ya chembe hiyo inayoitwa Duffy, jina la mgonjwa wa himofilia ambaye kundi hili la damu lilitambuliwa kwake mwaka 1950. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watu wasio na Duffy kwenye chembe nyekundu hawakushikwa na vivax. Na wasio na Duffy ni sisi: Afrika Magharibi na ya Kati karibu wote, Afrika Mashariki walio wengi sana.

Watu wakategemea kukuta jeni ya Duffy imekatika au imeharibika. Mwaka 1995 kundi la Tournamille huko Ufaransa likasoma jeni hiyo kwa watu weusi. Sehemu ya protini iko sawa. Tofauti ni T moja iliyogeuka C kwenye promota. Angalieni hapa:

kawaida: C T T A T C T
yetu: C T T A C C T

Ukisoma uzi wa pili wa DNA, ambako A hukabili T na C hukabili G, kwa kurudi nyuma, ya kwanza inasomeka AGATAAG. Ile GATA mnaiona? Ya pili inasomeka AGGTAAG. GATA imepotea, GATA1 haishiki, na seli nyekundu zinakomaa bila Duffy.

Sasa sehemu ninayoipenda. Duffy inatumika pia kwenye seli za kuta za mishipa midogo ya damu na hata kwenye baadhi ya seli za ubongo. Huko tunayo! Mtu mweusi asiye na Duffy kwenye damu anayo Duffy kwenye mishipa, kwa sababu seli za mishipa haziitegemei GATA1 pale. Zina protini zao nyingine zinazowasha jeni ileile. Jeni ingekuwa imekatika, ingekosekana mwili mzima. Hii ni kuzima jeni kwenye aina moja ya seli tu, kwa herufi moja.

Na mabadiliko haya hayakutokea mara moja duniani. Papua New Guinea, ambako vivax imejaa, wamekuta T ileile imegeuka C, lakini juu ya aina nyingine ya jeni ya Duffy. Kwa maana hiyo ilitokea upya huko.

#11 Kidagaa_wa_Ziwa

Kwa hiyo vivax Afrika haipo kabisa?

#12 MzeePipeti

Ipo. Ethiopia ipo ya kutosha, na huko watu wengi zaidi wana Duffy. Na tangu 2010, ilipothibitishwa Madagaska, wameshaonekana wagonjwa wasio na Duffy wenye vivax kwenye damu. Kinga ni kubwa lakini si ukuta. Anayekuletea malaria huku ni falciparum, kimelea kingine, na huyo hana shida na Duffy, ana milango yake mingine.

#13 Mtoro_wa_Mitihani

Wakuu niingilie kidogo. Mwaka juzi nilipima afya kwa ajili ya kazi ya nje. Wakaniambia chembe nyeupe aina ya nyutrofili ziko chini. Nikarudishwa mara mbili, nikaambiwa huenda ni uboho, mama yangu akaanza kufunga na kuomba. Mwisho wa siku hawakuona kitu. Hii Duffy inahusika? Maana kuna mtu aliniambia "ni damu ya Kiafrika hiyo" nikadhani ananitania.

#14 MzeePipeti

Hakukutania. Mwaka 2009 utafiti kwa Wamarekani weusi uliionyesha herufi hiyohiyo, T kuwa C kwenye promota ya Duffy, kuwa ndiyo sababu kubwa ya wao kuwa na nyutrofili chache kwenye damu. Mipaka ya maabara nyingi imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya: chini ya 1,500 kwa maikrolita moja unaandikiwa upungufu. Watu wazima wengi wenye afya ambao hawana Duffy wanaishi chini ya mstari huo au juu yake kidogo. Hawaugui zaidi ya wengine.

Na si jambo dogo. Dawa ya klozapini, ya wagonjwa wa skizofrenia ambao dawa nyingine zimeshindwa, ilikuwa inasimamishwa nyutrofili zikishuka. Marekani walibadili masharti mwaka 2015 ili watu wa aina hii wawe na mpaka wao. Fikiria wangapi walinyimwa dawa kwa sababu ya mpaka uliochorwa kwa damu za watu wengine. Mimi hili linaniudhi kuliko yote kwenye uzi huu.

Hata hivyo, asije mtu akasoma hapa akapuuza majibu yake. Nyutrofili chini na homa ni hospitali, leo.

#15 mama_Nasra

Habari zenu. Mimi nimefuata neno selimundu kwenye kichwa. Mwanangu ana miaka 6, anatumia haidroksiyurea. Daktari aliniambia dawa inaongeza "damu ya kichanga". Sikuelewa ila niliitikia tu. Inaingiaje kwenye mambo haya ya promota?

#16 MzeePipeti

Mama Nasra, pole na hongera kwa kulea. Daktari wako alisema sahihi kabisa. Ngoja niliandike polepole, maana hapa ndipo mambo yote ya juu yanakutana.

Selimundu yenyewe haiko kwenye promota. Iko ndani ya jeni ya beta: GAG imekuwa GTG, asidi amino moja imebadilika, himoglobini ikikosa oksijeni inagandamana na chembe inapinda. Lakini mtoto akiwa tumboni hatumii beta. Anatumia gamma, jeni mbili zilizopangana jirani na beta kwenye kromosomu 11. Gamma ikiungana na alfa inakuwa himoglobini F, na F haigandamani. Inaizuia hata S, yaani himoglobini ya selimundu, isigandamane. Ndiyo maana kichanga mwenye selimundu anakuwa mzima mpaka miezi ya katikati ya mwaka wa kwanza, halafu vidole vinaanza kuvimba. Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, aliandika juu ya hili mwaka 1948.

Baada ya kuzaliwa gamma inanyamazishwa. Jeni haikatwi wala haiharibiki, iko pale maisha yote. Inayoinyamazisha ni protini ya unukuzi inaitwa BCL11A, na kazi yake ni kuzima. Ilijulikana kwa kutafuta tu, mwaka 2007 na 2008, kwa nini watu wazima wengine wana F nyingi kuliko wengine. Jibu likaangukia kwenye jeni hiyo iliyo kromosomu 2, ambayo hakuna aliyekuwa akiiwazia kwenye damu nyekundu. Na mwaka 2011 mtafiti Mtanzania Julie Makani na wenzake wakaonyesha kwamba tofauti za kwenye BCL11A zinaathiri kiwango cha F kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Damu za Muhimbili zimo kwenye hadithi hii.

BCL11A inakaa wapi? Hiki hapa kipande cha promota ya gamma, herufi mia moja na kitu kabla ya mwanzo wa unukuzi:

CTTGACCAATAGCCTTGACAAGGCAAACTTGACCAATAG

Itazameni. TGACCA imo mara mbili, herufi 27 kutoka moja hadi nyingine. BCL11A inakaa kwenye ile ya kwanza, ya mbali. Kwenye ile ya pili, CCAAT iliyo ndani yake inapendwa na NF-Y, protini ambayo inawasha. BCL11A ikikaa, NF-Y inakosa nafasi. BCL11A ikiondoka, NF-Y inakaa na gamma inaanza kunukuliwa. Mvutano huo uko ndani ya urefu wa herufi 40 hivi.

Na kuna familia ambazo hili limetokea lenyewe. Huko Ugiriki walikuta watu wazima wenye F nyingi, na mwaka 1985 ikaonekana kwamba herufi moja kwenye nafasi ya 117 kabla ya jeni imebadilika kutoka G kuwa A. Kwa nini iliwasha gamma? Jibu la uhakika lilikuja 2018, kutoka kundi la Merlin Crossley huko Sydney na la Stuart Orkin huko Boston: herufi hiyo iko ndani ya kiti cha BCL11A. Miaka zaidi ya thelathini watu waliijua herufi, hawakumjua mkaaji.

Ukisogea mpaka nafasi ya 200 hivi kuna kiti kingine, cha protini inayoitwa ZBTB7A, nayo inazima gamma. Kuna pia mabadiliko yanayofanya kinyume, yaani yanatengeneza kiti kipya cha mwashaji. Kwenye nafasi ya 198, T ikiwa C, KLF1 inapata pa kukaa. Kwenye ya 175, TAL1. Promota moja, njia nne za kupata F nyingi, zote za herufi moja moja.

Haidroksiyurea inaongeza F kwa njia nyingine, inayosumbua ukuaji wa seli kwenye uboho. Haikai kwenye promota.

#17 SefuMaskati

Assalaam alaykum. Yakhe, mimi niko Maskati, wazee wetu Unguja. Huku nasikia selimundu ya upande wa Ahsa na Qatif kwa Wasaudi ni nyepesi kuliko ya Afrika. Ni kweli au ni watu kujisifu?

#18 MzeePipeti

Waalaykum salaam sheikh. Ni kweli, kwa wastani. Aina ya selimundu inayoitwa ya Kiarabu na Kihindi, ya mashariki ya Saudia, inakuja na F nyingi zaidi. Imeambatana na mabadiliko kwenye promota ya moja ya jeni za gamma, nafasi ya 158, C kuwa T. Huku kwetu aina iliyozoeleka ni ya Kibantu, na hiyo F yake huwa chini. Oman kwa historia mnayoijua mnazo aina za Kiafrika na ya Kiarabu pamoja, kwa hiyo ndugu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na ugonjwa wa uzito tofauti. Hata hiyo nyepesi bado ni ugonjwa, maumivu wanayo.

#19 Jabari254

Sasa hii dawa mpya ya kukata jeni, si ndiyo inagusa BCL11A? Niliona kwa habari.

#20 MzeePipeti

Ndiyo hiyo. Casgevy. Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Wanachukua seli shina za damu za mgonjwa, wanazikata kwa CRISPR, mkasi wa DNA, nje ya mwili, wanamchoma dawa kali ya kusafisha uboho, wanamrudishia.

Watu wengi wanadhani wanarekebisha ile GTG. Hawaigusi. Wanakata ndani ya jeni ya BCL11A, kwenye kipande kisichotengeneza protini kinachoitwa enhansa, ambacho kinaongeza nguvu ya promota kutoka mbali. Na wanakata wapi kwenye enhansa hiyo? Kwenye GATA. Kiti cha GATA1! Enhansa hiyo inafanya kazi kwenye damu nyekundu tu, kwa hiyo BCL11A inapungua huko na inabaki kwenye seli nyingine zinazoihitaji. Ni mantiki ileile ya Duffy, sasa imefanywa kwa makusudi. Wakati wa kupitishwa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikuwa wamekaa angalau miezi 12 bila maumivu makali. Zipo pia tiba za majaribio zilizolenga promota ya gamma moja kwa moja, palepale kwenye ule mstari niliouandika.

Bei Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka.

#21 Jabari254

Hapana, hiyo tutaachia matajiri. Lakini huku Kenya haidroksiyurea ilijaribiwa Kilifi na watoto walifanya vizuri sana.

#22 MzeePipeti

Sahihi. Utafiti wa REACH: Kilifi, Mbale ya Uganda, Kinshasa na Luanda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo pia, na hata malaria ilipungua wakati wengi waliogopa itaongezeka. Ni kidonge, tena cha zamani. Ningekuwa na kura ningeiweka hapo kwanza, kila mtoto akipate, ndipo tuongelee CRISPR.

#23 Mzalendo_Halisi

Mnaongelea herufi herufi, nani aliziandika? Mungu ndiye fundi. Sayansi inasoma tu.

#24 Chuma_cha_Reli

Mkuu, jukwaa la dini liko kule chini.

#25 Mtoro_wa_Mitihani

Swali la mwisho kwangu. Ninapimaje hiyo Duffy, ili safari nyingine niwe na karatasi?

#26 MzeePipeti

Haihitaji kusoma DNA. Benki ya damu yenye kingamwili zinazoshika aina mbili za Duffy, anti-Fya na anti-Fyb, inaweza kupima kwa kuangalia kama chembe zako zinagandana. Zisipogandana na zote mbili wewe ni Fy(a-b-), yaani huna Duffy kwenye chembe nyekundu. Si kila hospitali ina vitendanishi hivyo, uliza hospitali za rufaa. Ukishapata, iambatanishe na majibu yako ya zamani ya nyutrofili, maana mfululizo wa miaka mitatu usioyumba unamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja.

#27 mama_Nasra

Mzee asante sana, leo nimeelewa nilichokuwa naitikia. Kwenye karatasi ya mwanangu Nasri imeandikwa Hb F 9.2. Ni nzuri au mbaya?

#28 MzeePipeti

Mama Nasra, hiyo ni asilimia. Mtu mzima asiye na ugonjwa huwa chini ya 1, kwa hiyo usiilinganishe na huko. Ilinganishe na ya kwake mwenyewe. Kliniki uliza mambo mawili: kipimo hicho kilichukuliwa kabla hajaanza dawa au baada, na je, alikuwa ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu ya nyuma, kwa sababu damu ya mtu mzima inaishusha F kwenye karatasi bila mwili wake kubadilika. Kama ilikuwa kabla ya dawa, waombe wapime tena sasa.

#29 mama_Nasra

Ilikuwa kabla, na alikuwa ameongezewa mwezi uliotangulia. Jumatano nawauliza.